Nyaya za Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa anakaa Nairobi, na mtu akikaa Nairobi miaka mingi hupata ugonjwa wa kuwafundisha wengine hata namna ya kufungua mlango. Alipoanza kumjengea mama nyumba ya mawe hapa nyumbani, karibu na Kathonzweni, alinitumia kwa simu mchoro wa nyaya. Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo pale sokoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyeachiwa kusimamia mafundi. Mchoro wenyewe ulijaa mistari ya rangi kama mtoto amechezea kalamu. Huu wa kamera, huu wa spika, huu wa televisheni, huu wa taa zinazojiwasha ukiingia. Nyaya zote ziishie kwenye kabati moja la chuma kwenye korido, eti huo ndio ubongo wa nyumba. Ubongo! Nikasema moyoni, afadhali hata nyumba iwe nao.

Nisimwonee. Nia ilikuwa moja na sote tuliijua. Mama alikuwa ameteleza kwenye matuta ya shamba, akalala pale peke yake mpaka jirani akapita na mbuzi. Hatukutaka aanguke tena bila mtu kujua. Mimi nilisema tutafute msichana wa kukaa naye. Kaka akacheka. "Msichana atakula, ataumwa, ataomba ruhusa Krismasi. Mtambo hauombi ruhusa." Alisema hivyo kwenye simu, mafundi wakisikia, na hakuna aliyebishana naye kwa sababu nyumba ni yake kujenga.

Basi kuta zikatobolewa. Mabomba ya plastiki ya kupitishia waya yakaingia kila chumba kabla ya plasta. Haki ya Mungu, hata chooni kuna spika. Kaka alisimamia kwa video: sogeza kushoto, la, kulia, mbona nyinyi hamsikii? Nilipomwuliza kuhusu jikoni akaniambia nitulie, kuna soketi za kutosha na kamera juu ya friji. Nikamwambia sisemi hilo la ndani. Nasema jiko. Lile la nje, la mabati, lenye mafiga, ambako mama huamka akiwasha moto na kulala akiuzima. Huku kwetu jiko la ndani ni la kuonyesha wakwe. Yeye mwenyewe alilelewa na ule moshi, analijua hilo vizuri. Akajibu, "Hilo la nje tutalibomoa. Mama sasa atapika kwa gesi." Aiya! Muthokoi, mahindi ya kukoboa yanayochemka nusu siku, ipikwe kwa gesi?

Siku ya kubariki nyumba, mchungaji aliomba mpaka magoti yakatuuma, kisha kaka akatoa simu akaanza maonyesho yake. Pazia likafunguka lenyewe. Kwaya ikaimba kwenye spika za vyumba vyote. Akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele, na mama yangu akasimama katikati ya sebule, ameshika mkoba, kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa pa kukaa. Alipopata nafasi akatoka kwenda kutazama sufuria yake kule nje. Jiko halikubomolewa. Nani angethubutu? Ila waya hata mmoja haukufika huko.

Kuanzia hapo kaka akawa anatuma picha kwenye grupu la familia. Sebule. Korido. "Mum yuko sawa, nyumba imetulia." Nyumbani akaacha kuja kabisa, aje kufanya nini, na anaona? Mara nyingine alimsalimia kwa spika, "Mwaitu!" kama tunavyowaita mama zetu Ukambani, sauti ikipaa mpaka barabarani. Chumbani kwa mama hakuweka kamera, heshima hiyo alibaki nayo. Kwa hiyo asipomwona popote, husema amelala. Bingwa wa mitambo huyo.

Jumapili moja mama hakuja kanisani. Mama yangu hakosi kanisa, hata akiwa na homa. Nikatazama simu: picha ya sebule, viti vimepangwa vizuri, na maneno, "Mum bado amelala, mwacheni apumzike." Mama, alale mpaka saa hizo? Huyu mjinga alizaliwa na nani? Nikatoka ibada haijaisha, nikachukua pikipiki.

Nilimkuta kwenye jiko la nje, sakafuni, kati ya mafiga na ukuta, mguu umepinda vibaya, moto umezimika wenyewe. Alikuwa ameenda kuchemsha chai alfajiri. Midomo ilikuwa imekauka. Nikamwinua kichwa, nikamnywesha maji huku nikilia na kutukana, nikamwuliza kwa nini hakupiga kelele.

"Nilipiga," akasema. "Ndugu yako aliniita asubuhi, nikamsikia kabisa huko ndani. Mwaitu! Mwaitu! Nikaitika. Nikaitika mpaka sauti ikaisha. Akasema haya mama, lala vizuri, akanyamaza."