Uso wa Mama Siku ya Harusi

Mama yangu alikuwa akinunua poda ya jirani. Jirani yetu pale Bofu alikuwa mwanamke mweupe, na kila akipita amejipodoa, mama alimsimamisha, akamuuliza anatumia kopo gani, kisha akaenda dukani kununua lilelile. Mama ni mweusi. Na mimi ni mweusi, nimemchukua yeye sawasawa, mpaka masikio. Mdogo wangu ndiye aliyemchukua baba, akatoka maji ya kunde, na kwa jambo hilo alisifiwa utadhani alijiumba mwenyewe.

Jumapili kabla ya kwenda kanisani mama alijipaka, akatupaka na sisi wawili poda ileile. Mdogo wangu alitoka anang'ara. Mimi nilitoka kama niliyeanguka kwenye jivu. Mama alinitazama, akashusha pumzi, akasema, "Poda inamkataa huyu." Alisema mbele ya shangazi, mbele ya wageni, mbele ya yeyote. Hakuna siku aliyojitazama yeye akasema poda inamkataa yeye, na jivu lilikuwa lilelile! Nami nikakua nikiamini kwamba uso wangu una kasoro fulani isiyo na dawa.

Nilipokwenda kusomea urembo Changamwe, mwalimu wetu alibandika ukutani duara la rangi. Rangi zinazokaa jirani zinasikilizana, alisema, na zinazotazamana zinauana. Ukitaka kuua samawati, weka rangi ya chungwa. Kisha akanivuta dirishani, kwenye mwanga wa jua, akanishika kidevu. "Wewe chini ya weusi wako kuna wekundu," akasema. "Nani alikuwa akikupaka vitu vyenye chokaa? Chokaa juu ya ngozi hii hugeuka jivu." Akachanganya kahawia iliyoiva na wekundu kidogo, akanipaka, akanitia mdomoni rangi ya tofali. Nikapewa kioo.

Nililia, na wenzangu wakadhani ni furaha. Furaha gani? Ilikuwa hasira, wallahi. Miaka yote ile kosa lilikuwa la kopo, na mimi ndiye niliyebebeshwa.

Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu, nalo ni mama anipe uso wake. Nilijua nikimpaka rangi yake ya kweli, akajiona alivyo mzuri, basi hata mimi ataniona. Nilimwomba Krismasi, nikamwomba Pasaka. Kila mara alisema, "Wapake wateja wako, mwanangu, mimi mzee." Hakukubali mpaka siku mdogo wangu alipoolewa.

Asubuhi ile nilimaliza kumpamba bibi harusi mapema, maana uso wake haukuwa na shida na mtu. Mama akaja akaketi kitini mwenyewe, akafumba macho. Nje uwanjani walikuwa wamekwisha kusimamisha hema la samawati, na najua hema la aina ile huwamwagia watu wote rangi yake, basi nikaongeza rangi ya chungwa kidogo zaidi ya kawaida. Sikuhitaji kutafuta chupa nyingine ya rangi. Ile niliyojipaka mwenyewe alfajiri ndiyo iliyomkaa, tone kwa tone, kwenye shavu, kwenye paji, shingoni. Nikamtia wanja. Nikamtia rangi ya tofali mdomoni. Lo! Mama yangu alikuwa mzuri, na mimi nimeishi naye maisha yangu yote sikuwahi kuuona ule uso.

"Mama, umependeza!" mdogo wangu akasema kutoka kitandani, shela mkononi.

Mama akafumbua macho, akachukua kioo. Alijitazama kwa muda. Nilisimama nyuma yake, hivyo kiooni tulikuwa wawili.

"Mbona umenifanya kama wewe?" akauliza.

Hakuwa na ubaya sautini. Aliuliza tu, kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Ndivyo ulivyo, mama," nikasema.

"Hebu nipe kitambaa. Leo watu watanitazama."

Nikampa. Ningefanyaje? Vigelegele vya wakwe vilikuwa vimefika njiani. Alijifuta mpaka shingoni, akatoa lile kopo la jirani kwenye mkoba, akajipaka mwenyewe, haraka haraka, kwa mkono uliozoea. Mdogo wangu akainama kufunga viatu vyake, na hilo nalo sijamsamehe.

Hema likafanya kazi yake. Picha kubwa ya siku ile sasa iko ukutani sebuleni kwa mama. Bibi harusi anang'ara. Mimi niko pembeni, na niseme ukweli, nimependeza. Mama yuko katikati, uso una rangi ya saruji mbichi, shingo ni ya mtu mwingine.

Juzi nilikuwa pale, akaja mama mmoja wa kanisani ambaye binti yake anakaribia kuolewa. Nilikuwa na tamaa ya kupewa kazi ya kumpamba, sikatai. Akaitazama picha, akashtuka.

"Ala! Siku hii ulikuwa ukiumwa?"

Mama akacheka. Akaninyooshea kidole nikiwa nimeshika birika.

"Muulize huyu. Yeye ndiye aliyenipaka."

Yule mgeni akanigeukia, akangoja. Maneno yote nilikuwa nayo: kopo, hema, kitambaa. Lakini ili nijitetee ingenibidi nimweleze mtu baki kwamba nilimpaka mama yangu vizuri, naye akajifuta kwa sababu alifanana na mimi.

Nikamuuliza mgeni anaweka sukari vijiko vingapi.