Usifute

Profesa ninayemsafishia ofisi ni mkemia asiye na koti jeupe wala chupa hata moja. Kemia yake ni ya chaki tu. Dada yake humtania kwenye simu, "Mkemia gani wewe, hata sabuni huwezi kupika?" naye hucheka mpaka akohoe. Masikio yake huwa meupe kwa chaki, kwa sababu hesabu ikimkwama huyavuta. Miaka kumi na moja iliyopita alipiga hesabu ya molekuli ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza, akaandika pembeni mwa ubao: "Usifute." Wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki na ubao wake, na mimi nikawa napitisha kitambaa kandokando ya hesabu ile kama mtu anayeosha utosi wa kichanga.

Jana nilimkuta amesimama, barua mkononi. "Mama, wameitengeneza," akasema. "Kumbe ipo kweli!"

"Hongera, Profesa."

Akavuta sikio, kisha akanikabidhi kifutio. "Basi, futa tu."

Nikafuta polepole, mstari kwa mstari, yeye akitazama. Nilipofika pembeni, kwenye lile neno lake, mkono wangu ukagoma.