Kahawa Juu ya Jeraha

Leo, kwenye maabara, nilifungua pakiti ya bandeji iliyotengenezwa kwa magamba ya kaa, ile inayogandisha damu ikigusa jeraha. Ilikuwa na harufu hafifu ya ufuo maji yakiwa yamekupwa, na mara nikawa mtoto, uani kwetu Bodo.

Mjomba alikuwa ameletwa kutoka mikokoni. Shoka lilimteleza likampasua paja. Bibi alimkandamizia kahawa ya unga na utando wa buibui, akafunga kwa leso.

"Mama, kahawa bila tangawizi?" mjomba alitania, midomo imemkauka.

"Nyamaza wewe, umtaje Mola."

Leso ililowa. Bibi akaongeza kahawa.

"Bibi, kahawa inazuiaje damu?" niliuliza.

"Ilimzuilia babu yako."

"Babu alijikata kidole tu."

Mama yangu alinitazama bila kunikemea. Gari la kumpeleka hospitali ya Msambweni lilikuwa bado linatafutwa. Bibi alikomba mkebe mpaka kijiko kikakwaruza bati, kisha akabonyeza paja kwa viganja vitupu. Damu iliendelea kupita katikati ya vidole vyake.

"Nitanie basi, mwanangu," alimwambia.

Macho ya mjomba yalibaki wazi, hayapepesi.