Jogoo wa Mwalimu Wangu wa Kifaransa

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu: siku niliyokatisha uwanja wa misheni nimekumbatia jogoo, watu wote wakinitazama. Nivumilie nikueleze tangu mwanzo, maana kalamu yangu haina haraka.

Wakati huo Wadachi ndio waliotutawala, na reli ilikuwa bado haijafika Morogoro. Lakini mapadri wetu wa mlimani walikuwa Wafaransa, na sisi vijana wachache tuliotazamiwa kuwa walimu tulifundishwa lugha yao. Mimi nilikuwa mtu wa haya. Hata kuomba maji ya kunywa kulinitoa jasho. Kijiji cha Mlali kilihitaji mwalimu, na Padri alisema atampeleka atakayeshinda mtihani wa vitenzi. Mama yangu alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba ni mimi.

Darasani tuliimba vitenzi kwa pamoja, na kwa mwenye haya, wimbo wa wengi ni kichaka kizuri. Wiki moja nilishikwa na homa. Niliporudi, wenzangu walikuwa wamefundishwa wakati mmoja mgumu wa vitenzi, ule wa jambo lililokwisha kutendeka kabla ya jambo jingine lililopita. Wao waliimba, mimi nilifungua mdomo tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami sikumwuliza mtu.

Siku tatu kabla ya mtihani nilikwenda mtoni kufua, huku nanong'ona. Pale alikuwapo Bibi Martina, mfuaji nguo wa misheni. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na masista Wafaransa huko pwani, kisha akaletwa kwetu. Hakujua kusoma. Hakuujua hata ukoo wake, na kwetu Waluguru, asiye na ukoo wa mama hana wa kumsemea.

"Wewe Filipo, unaguguna nini kama panya ghalani?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka sabuni ikamponyoka.

"Hicho tu? Padri akija na haraka zake kuuliza nguo, mimi namjibu, *j'avais lavé*. Kabla hujauliza, mimi nilikuwa nimekwisha kufua! Haya, mwanangu, sema."

Nikasema. Akanipigisha kitenzi kile juu ya jiwe la kufulia, kila nafsi na pigo lake la nguo: *j'avais lavé, tu avais lavé, il avait lavé*, hadi nafsi ya sita. Nikikosea, ananirushia maji usoni. "Mshike huyu mmoja," akasema, "ndugu zake watakufuata wenyewe: kuimba, kucheza, kutembea." Siku tatu alinifundisha hivyo, na kila nilipoondoka alinipa muhogo wa kuchoma, kwa kuwa, alisema, Kifaransa hakikai kwenye tumbo tupu.

Mtihani ulifanyika barazani. Padri alinipa kitenzi cha kuimba. Nilianza na *j'avais chanté*, nikazipanga nafsi zote sita bila kukwama. Padri akashangaa.

"Lakini ulikuwa mgonjwa, Filipo. Nani amekufundisha?"

Niliwatazama wenzangu. Niliona watakavyocheka wakisikia ni mfuaji nguo. Nikajibu, "Nimejifundisha mwenyewe, Padri."

Bibi Martina alikuwa anapita na kapu la nguo kichwani. Hakusimama.

Kesho yake nilimwamkia. Siku zote aliniita mwanangu. Siku hiyo alisema, "Ah, Bwana Mwalimu, mimi ndiye wa kukuamkia wewe," akaendelea kukamua nguo. Nilikuwa nimepata kazi ya Mlali, nikapoteza kuitwa mwanangu.

Jumamosi akaja mjomba wangu kutoka Kinole, na jogoo mkononi. Kwetu, kijana akihitimu kazi yoyote, mjomba wake humpelekea mwalimu wake jogoo.

"Nani aliyekufundisha?" akauliza. "Twende nikamshukuru."

"Nilisema nimejifundisha mwenyewe."

Mjomba akanisukumia yule jogoo kifuani. "Basi jogoo ni wako. Jishukuru. Ukimaliza kujishukuru, ujichinjie."

Hapo machozi yakanitoka, nikamwambia yote. Hakunipiga. Alisema, "Mama yule hana mjomba wa kuja kunidai heshima yake, ndiyo maana ukaona rahisi kumkana. Fadhila ya punda ni mateke. Mbebe jogoo mwenyewe, twende."

Tukakatisha uwanja, jogoo akipiga kelele kana kwamba analipwa. Wenzangu wakatoka kutazama. Padri akaniuliza ninampeleka wapi. Nikasema mbele yao wote: "Kwa Bibi Martina, Padri. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilisema uongo." Kazi ile ingeweza kuniponyoka pale pale. Padri akavua kofia na kutufuata.

Mjomba alipiga hodi mlangoni kwa Bibi, akapiga magoti, akasema, "Ukoo wetu umekuja kushukuru."

Bibi Martina alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Alimgeuzageuza, akapapasa kifua chake. "Mbona mwembamba hivi? Au naye alikuwa anasoma?" Tukacheka. Kisha akajifunika uso kwa upindo wa kanga. "Tangu niletwe mlima huu," alisema, "hakuna ukoo uliowahi kunipigia hodi."

Akatukaribisha ndani. Nilikwenda Mlali mwezi uliofuata, na kila likizo nilianzia nyumbani kwake kabla ya kwetu. Mama hakununa, alinipa mchele wa kumpelekea.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usione haya kuuliza, hata kama ajuaye ameinama kwenye beseni. Na ukishajua, mtaje aliyekufundisha, umtaje kwa sauti, mbele ya watu wale wale unaoogopa kicheko chao. Kicheko huisha siku moja. Mtu uliyemkana hubaki na jeraha, nawe hubaki nalo. Mshukuru kwanza asiye na wa kumdaia shukrani.

Mungu akupe walimu wema njiani, akupe na ulimi wa kuwataja. Ukue, uzeeke, nawe utajwe.