Kiangazi Ama Alipopotea Karatu

Kiangazi kile kilikuwa na harufu ya saruji mbichi. Kila siku ya kazi Baba alirudi nayo jioni, imeganda kwenye kucha na nywele zake, na kabla hajafika mlangoni nilikuwa nimeshajua kwamba anakuja. Ilichanganyika na harufu ya vumbi jekundu la Karatu, ambalo miezi ile halikutua kabisa. Asubuhi upepo ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukiwa wa baridi, umebeba ukungu. Jua likipanda kidogo ukungu ulitoweka na vumbi likainuka mahali pake, likaning'inia juu ya mabati mpaka jioni, na jua lenyewe likazama likiwa jekundu na hafifu kama kaa lililofunikwa majivu. Sisi watoto tuliona jambo hilo ni zuri. Tulikimbia ndani ya vumbi kama watu wanaokimbia ndotoni: mwenzako anapotea, anatokea upande mwingine, kicheko chake kinakufikia kabla ya uso wake. Mama hakuona uzuri wowote. Alikung'uta mashuka, akafunika sufuria, akakung'uta tena, na tulipolala alikaa akisikiliza vifua vyetu.

Tulikuwa tumetoka Endabash, kwenye shamba la mahindi na mbaazi alilolima Baba tangu ujana wake. Mvua zilipokuwa mbaya mfululizo alijifunza uashi, akatuleta mjini, kwa sababu Karatu ilikuwa inajengwa kila upande. Ilikua upesi kuliko tulivyoweza kuizoea. Ungelala ukiwa na shamba la ngano mbele ya dirisha, ukaamka ukakuta limepandwa nguzo nyeupe za kugawa viwanja. Miti ilikatwa ikawa kuni za kuchomea matofali, na matofali yakajenga nyumba mahali pale pale ilipokuwa imesimama miti. Hoteli za wageni zilipanda vilimani zikitafuta mandhari, magari ya utalii yalipita barabara kuu yakielekea kreta, na bomba la mtaa wetu, ambalo zamani watu walisema lilitoa maji mchana kutwa, sasa lilikohoa hewa kwanza, likatema matope, halafu likatoa uzi mwembamba wa maji ambao wanawake waliusubiri wakiwa wamekaa juu ya madumu yao. Asiyeweza kusubiri alinunua kwa wenye mikokoteni ya punda. Nakumbuka mlio wa magurudumu yale, na jinsi punda walivyosimama wenyewe mlangoni kwa watu waliowazoea.

Katika msimu huo ndipo bibi yangu mzaa baba alipoletwa kwetu. Tulimwita Ama, kama Wairaqw wengi wanavyowaita bibi zao. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Baba alitaka atibiwe hospitalini. Madaktari walimwambia asubiri wataalamu wa macho watakapokuja. Kwa hiyo Ama akasubiri. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, blanketi la mistari begani, uso ameuelekeza Endabash, akitazama kile alichokiita maziwa. "Naona maziwa tu," alisema. "Kama mtu amemwaga maziwa mbele ya dunia."

Lakini miguu yake ilikuwa inaona. Wiki ya kwanza niliongozana naye kwenda kanisani, nikiwa nimeshika ncha ya fimbo yake. Njia yetu ilikatiza viwanja vitupu nyuma ya nyumba, ikafuata ua mrefu wa minyaa mpaka karibu na mlango wa kanisa. Alipitisha vidole kwenye minyaa ile akiwa anatembea, polepole, kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe wake. Aliniambia mahali ambapo ua uliinama, mahali palipokuwa na pengo, mahali ambapo ardhi ililainika chini ya nyayo kwa sababu maji ya mvua yaliwahi kupita. Wiki ya pili alikuwa hanihitaji tena. Aliniacha nitembee nyuma yake, nami nilikuwa nikifumba macho nijaribu kuona anachokiona. Nilijikwaa sana.

Njiani tulikutana kila mara na Mama Nashipai, mwanamke wa Kimaasai aliyeuza maziwa mtaani. Alikuwa ametoka Nainokanoka, kule juu, baada ya ukame kumaliza mifugo yao. Sasa yeye na mumewe walikuwa na ng'ombe wachache ukingoni mwa mji, ng'ambo ya barabara ya machimbo. Ama alikuwa na Kiswahili kidogo, na Mama Nashipai naye alikuwa nacho kidogo, na kila mmoja alikuwa na vipande tofauti. Zamani za Ama, Mmaasai na Mwiraqw walikutana kwa mikuki wakigombea ng'ombe. Wao wawili walikutana kwenye minyaa. "Takwenya, Koko," Mama Nashipai alimwamkia kwa Kimaasai, akimwita bibi, na Ama, aliyekuwa amefundishwa siku hiyo hiyo, akajibu, "Iko," halafu akacheka kwa aibu kama msichana. Waliulizana habari za ng'ombe. Ama aliuliza rangi zao, pembe zao, yupi ana wivu, yupi anaficha maziwa. Mambo hayo aliyataka kuliko maziwa yenyewe.

Kisha shule ikafunguliwa. Na Baba, ambaye kwa majuma kadhaa hakuwa na kazi, akarudi siku moja na uso uliochangamka. Amepata ukuta, alisema. Tajiri mmoja amenunua viwanja vile vya nyuma, anataka kujenga nyumba za wageni, na kabla ya nyumba anataka ukuta. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Sisi tulifurahi kwa sababu kazi ilikuwa karibu, Baba angekuja kula mchana nyumbani. Hakuna aliyefikiria zaidi. Minyaa ilikatwa asubuhi moja tukiwa shuleni. Utomvu wake mweupe ulitiririka ukaganda juu ya vumbi, na waliokata walienda nyumbani macho yanawawasha. Misingi ikachimbwa, tofali juu ya tofali, mbali kidogo na nyumba yetu kwanza, halafu karibu.

Ama siku hizo alikuwa na mafua, hakutoka. Alipopona, ilikuwa siku ya jumuiya, sala za mchana na wanawake wenzake. Mama alikuwa bombani. Ama alichukua fimbo yake, akaenda kwa njia yake.

Upepo ulikuwa mkali mchana ule. Tukiwa darasani hatukuona ubao, mwalimu alifunga madirisha tukabaki tunanusa jasho letu. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama amesimama uani, dumu tupu mkononi, na nilijua kuna jambo kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kusimama tu.

"Paskalina, umekuja na Ama?"

"Hapana, Mama."

"Hukumkuta kanisani?"

Nilikuwa sijapita kanisani. Tulikwenda pamoja, tukakuta wanawake wameshatawanyika, na mmoja wao akasema Ama hakufika kabisa, walidhani bado anaumwa. Hapo Mama akapiga yowe. Sijawahi kusikia yowe lile tena mjini; lilikuwa yowe la Endabash, la mtu aliyeona nyumba inaungua. Watu walitoka. Wenye mikokoteni ya maji waliacha punda wao. Vijana wa bodaboda waligawana njia. Mtu alikwenda msikitini, na muda si mrefu tukasikia kipaza sauti, sauti ya utulivu inayopanda na kushuka na upepo: anatafutwa bibi kizee, amevaa blanketi la mistari, haoni vizuri, ni mama yake fundi wa mtaa wa bombani. Ilikuwa ajabu kumsikia Ama akitajwa hewani hivyo, Mkatoliki yule, juu ya mabati ya watu wote.

Baba alikuja mbio kutoka kwenye ukuta. Alikwenda moja kwa moja mahali ilipokuwa ikianzia njia ya Ama, na nilimfuata. Njia ilikwenda hatua chache, ikagonga tofali. Kwenye vumbi kando ya ukuta kulikuwa na alama za fimbo, zimegeuka kushoto, zinaelekea kusiko na kanisa. Baba aliweka kiganja kwenye tofali, mahali ambapo saruji ilikuwa haijakauka sawasawa. Palikuwa na michirizi ya vidole pale, laini, imepita kwenye viungio vyote.

"Nimemfungia njia mama yangu," alisema. Hakuwa anasema nami.

Tulifuata ukuta mpaka mwisho wake, barabara kuu, na hapo alama zikaishia kwenye lami. Magari yalipita yamewasha taa mchana. Baba aliangalia kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona mtu mzima asiyejua aende wapi. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Tuliuliza kila tuliyekutana naye. Wengi walikuwa wageni, waliokuja kufanya kazi za ujenzi, watu wema, lakini hawakumjua fundi wala mama yake fundi. Jua lilikuwa linateremka. Nilianza kumwomba Mungu kwa maneno ambayo Ama mwenyewe alinifundisha, nikiyachanganya.

Tuliwaona wakitoka kwenye vumbi upande wa machimbo, wawili, wakitembea kama watu wasio na haraka yoyote: Mama Nashipai mrefu, shuka lake la buluu linapepea, na Ama ubavuni mwake, wote wameshika fimbo moja. Baba alikimbia. Alipomfikia mama yake alipiga magoti pale pale pembeni mwa barabara akamkumbatia miguu. Ama alimpapasa kichwa, akakuta saruji kwenye nywele, akajua ni nani.

Baadaye, akinywa chai, alituambia. Alikuwa amesubiri ukuta uishe. Alidhani utakuwa na mwisho wake, kama ua wowote, na baada ya mwisho atasikia kanisa. Ulipomfikisha kwenye kelele za magari akavuka na mtu aliyemshika bega bila kusema neno, na upande wa pili hakukuwa na kitu chochote anachokifahamu. "Niliwauliza nyumba ya mwanangu," alisema. "Wakaniuliza kiwanja namba ngapi. Nikasema nyumba ya fundi. Wakasema, bibi, hapa kila mtu ni fundi." Akaendelea kutembea mpaka aliposikia ng'ombe analia, na kwa sauti yake akakisia kuwa ni yule mwenye wivu ambaye walikuwa wakimzungumzia. Akamwita mwenye ng'ombe. Mama Nashipai alimpa maziwa ya moto, akamwosha miguu, ndipo akamrudisha.

Kesho yake Baba alimwomba msimamizi waache mlango mdogo kwenye ukuta, upana wa mtu tu. Nilikuwepo, nimempelekea chakula. Msimamizi alimsikiliza kwa heshima. "Fundi, nakuelewa," alisema, "lakini mwenyewe amenunua kiwanja, hakununua njia." Baba hakubishana. Tulikuwa tunaila kazi ile. Aliujenga ukuta mpaka mwisho, akaujenga vizuri, umesimama mpaka leo. Ila siku za jumuiya aliweka mwiko chini, akanawa mikono, akamwongoza mama yake kwa njia ndefu ya kuzunguka, akarudi kazini akiwa amechelewa, na msimamizi akageuka akatazama pengine.

Wataalamu wa macho walikuja mwishoni mwa kiangazi. Siku Ama alipofunguliwa bandeji tulimpeleka nyumbani kwa gari la jirani, akiwa amefumba, anaogopa kuharibu. Alifumbua akiwa uani kwetu. Alitutazama kwanza, mmoja mmoja, akamwambia Mama amekonda, akaniambia mimi nina pua ya marehemu babu. Halafu akanyanyua uso akautazama mji. Alitazama kwa muda mrefu sana: mabati, kuta, mashimo ya misingi, vilima vilivyonyolewa, na juu ya vyote lile pazia jekundu lililojaa hewani. Alipangusa macho kwa ncha ya blanketi, akatazama tena.

"Kumbe ndivyo palivyo," alisema. "Nilidhani ni macho yangu."

Wiki iliyofuata alimwomba Baba amrudishe Endabash. Hakukuwa na ugomvi. Mama Nashipai alikuja kumuaga, wakakaa kwenye kigoda kimoja, kila mmoja nusu, na Ama akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akasema hakujua kama ni mzuri hivyo. Aliishi miaka mingi baadaye, anaona, analima, hakurudi Karatu tena hata kwa Krismasi.

Mimi nilibaki, na siwezi kusema nimeonewa. Mji huu ulinisomesha, ukanipa kazi ya ualimu, na hospitali yake ndiyo iliyompa Ama macho. Watoto wangu wanasomea kwenye taa ya umeme. Maji tunayanunua kwa boza, yanajaza tangi, na tangi likiisha tunapiga simu. Vumbi limehama na ujenzi, limekwenda mbele zaidi, kwa watu wengine. Kinachonisumbua ni kingine, na kilinijia wakati wa likizo iliyopita. Geti liligongwa mchana, na binti yangu, aliye na umri niliokuwa nao mimi kiangazi kile, akachungulia kwenye tundu.

"Mama, ni yule mama wa nyumba ya kijani. Anaulizia mtoto wake, hamwoni."

"Anaitwa nani?" nilimuuliza.

"Mtoto?"

"Mama yake."

Binti yangu alinitazama akisubiri nimjibu mimi. Tumeishi mkabala na nyumba ya kijani tangu yeye hajaanza kutembea. Nilifungua geti, nikatoka nje na khanga ya jikoni kiunoni, na kabla sijamwambia lolote yule mama, nilimwomba radhi, nikamuuliza jina lake. Halafu tukaanza kumtafuta mtoto wake, mlango kwa mlango, na kwenye kila mlango ilitubidi kwanza tuseme sisi ni nani.