Asidi Siyo Bugali

Diploma yangu ya kemia ilikuwa ndani ya sanduku la patroni wetu, bosi wa kambi ya madini, chini ya kufuli. Alisema ameiweka huko ili isiliwe na mchwa. Mchwa wa Lusangi wanapenda karatasi, sikatai. Lakini mchwa hawamzuii mtu kuondoka.

Shule moja ya Kasongo ilikuwa tayari kunipa darasa, mradi nifike na diploma kabla ya masomo kuanza. Niliitaka kazi ile kuliko chakula. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepika mchanga ndani ya banda la mabati, ule mchanga mzito wa rangi ya asali ambao wachimbaji waliutupa walipoosha kasiterite, mawe ya bati. Kumbe ndani yake mna madini adimu yanayotafutwa na watengeneza simu. Unausaga, unauchanganya na asidi kali, unaupika hadi unakuwa uji mzito wa kijivu. Ukipoa, unautia kidogo kidogo ndani ya pipa la maji baridi, na madini yanayeyuka humo. Moshi wake ulinikohoza mpaka mbavu zikauma.

“Mvumilivu hula mbivu,” patroni aliniambia nilipoomba ruhusa. “Lete mutu mwenye anajua hii kazi, nitakupa diploma yako.” Mbivu zangu zilikuwa zinaozea mtini.

Hakuna aliyeitaka kazi ile ya kupika mchanga. Mwishowe alijitolea mama mdogo, dada ya mama yangu, aliyekuja kutoka Kabambare kutupikia pale kambini. “Nitajifunza, ili wewe wende,” alisema. Nikamfundisha kwa siku tatu kazi iliyonichukua miezi. Alichelewa kushika, nami nikakosa subira, nikamrahisishia.

“Mama mudogo, kutia hii uji mu pipa iko sawa na bugali. Mayi kwanza, halafu unaweka unga pole pole.”

Akacheka. Bugali, nani angemfundisha yeye?

Siku ya nne nilimwachia sufuria, nikaenda kufunga mizigo yangu. Uji ukawa mgumu ungali motoni, ukaushika mwiko. Mama mdogo akafanya kile ambacho kila mpishi wa kwetu hufanya bugali ikikaza: akachota kikombe cha maji, akamimina juu.

Asidi ikaruka. Nilimkuta ameungua kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Nilimmwagia maji pipa zima, na mkono ukabaki, ila vidole vitatu havikunjiki tena, havishiki jembe.

“Nilifanya vile ulinifundisha,” aliniambia kule zahanati. Hakuwa ananilaumu. Angenilaumu ningepumua. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno yangu vilevile.

Baada ya majuma mawili alirudi bandani, mkono umefungwa kitambaa, akavuta kigoda akaketi karibu na jiko langu.

“Unifundishe tena. Masomo haiyaanza bado. Niko na mukono ya kushoto.”

Nilimwangalia nikaona hatanii. Nikamwambia shule imeshapata mwalimu mwingine. Ulikuwa uongo. Akanihurumia sana, akasema Mungu ataleta nafasi ingine.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu aungue. Kila tunapokula ananiombea nipate kazi Kasongo, na mimi, mbele ya bugali anayoisonga kwa mkono mmoja, naitikia amina.