Muhuri Juu ya Jina la Kagendo

Niliondoka Embu Ijumaa asubuhi kwa sababu ya jina moja. Mimi huandika vyeti kwa nibu na wino, kazi ambayo majirani zangu mjini hudhani iliisha siku kompyuta ya kwanza ilipofika. Kanisa moja nje ya mji wa Meru lilikuwa limeniagiza cheti cha ndoa ya Mzee Mbaabu na mkewe, waliooana kimila miaka arobaini iliyopita na sasa walikuwa wanabarikiwa madhabahuni. Nilikuwa nimekipamba kwa wiki tatu. Yalibaki majina tu, kwa kuwa mke alitaka kuona lake likiandikwa. Nami nilikuwa na tamaa yangu: picha ya cheti kilichokamilika, sahihi na yote, ilitakiwa Nairobi Jumatatu, kwa maonyesho ya sanaa ambayo yalishanikataa mara mbili.

Runyenjes, Chuka, Nkubu, kote nilipita nimekumbatia cheti changu ndani ya bomba la plastiki. Abiria mwenzangu aliuliza kama ni ramani ya shamba lenye kesi. Nilipomweleza kazi yangu, alinipa pole.

Saa saba mchana nilifika nyumbani kwa Mzee Mbaabu. Nilipewa chai na nduma, kisha mabishano. Watoto walitaka niandike "Mama Mutwiri", kwa jina la kifungua mimba, maana hawakuwahi kusikia mama yao akiitwa vingine. Hata Mzee alifikiri kidogo kabla ya kulikumbuka lile lingine. Mama mwenyewe alivuta kiti karibu yangu.

"Mimi naitwa Kagendo," alisema. "Mutwiri ataandikwa kwa harusi yake."

Nikaandika. Ile K ilinichukua nusu saa, na mkia wake niliushusha ukapita chini ya jina lote. Sijawahi kuandika herufi nzuri kuliko ile, nasema bila haya. Kamera niliiacha mkobani, nikingojea sahihi za kesho.

Jumamosi kanisani sahihi ziliwekwa. Kisha katibu wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, akafungua kibati cha wino wa zambarau, akaupulizia muhuri pumzi na kuugonga juu ya K. Akagonga tena, kwa kuwa wa kwanza haukutoka vizuri. Nilimuuliza, kwa heshima yote niliyobaki nayo, kwa nini pale.

"Fundi, hapo ndipo penye jina," alisema. "Karatasi bila stampu ni picha tu. Hata kwenye ofisi za serikali watamrudisha mama."

Nilikuwa na jibu, tena refu. Lakini mama alikuwa amekishika cheti kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Kidole chake hakikugusa mkia wa K. Kilikuwa kinazunguka ule mduara wa zambarau.

"Sasa hata serikali inajua mimi ni Kagendo," alimwambia mumewe.

Nikatoa kamera mkobani, nikakipiga picha cheti pamoja na muhuri wake.

Jumapili nilirudi Embu, na picha nikaituma hivyo hivyo. Wenye maonyesho walinikataa mara ya tatu. Muhuri, walisema, umeharibu kazi. Barua yao ilikuwa na muhuri, umegongwa juu ya jina langu.

Siku hizi kila cheti nakiachia nafasi ya mduara, nimeizungushia maua. Makatibu bado hugonga juu ya jina, na wenye majina hawajawahi kulalamika.